Keki Imebonyea, Biskuti Zimetandaa: Kusoma Kosa Kwenye Kipande

Keki ikiharibika, usiitupe bado. Iache ipoe, ikate katikati kwa kisu chenye meno, kisha angalia ukuta wa kipande. Sura ya juu ya keki hudanganya: keki mbili zinaweza kubonyea sawasawa kwa sababu mbili zinazopingana, na dawa ya moja ikawa sumu ya nyingine. Ndani hakudanganyi. Ukubwa wa matundu, mstari wa unyevu chini, rangi ya pembeni, vyote hivyo vinaeleza kama kosa lilikuwa la moto, la vipimo au la mkono uliokoroga.

Ili tuwe na kitu kimoja cha kulinganishia, chukua keki ya kawaida kabisa ya uzito sawa: mayai 4 (takriban gramu 200 bila maganda), siagi gramu 200, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi robo kijiko cha chai. Chombo ni cha duara cha sentimita 20, moto nyuzi 170 za Selsiasi, dakika 45 hadi 50. Kijiko cha chai hapa ni mililita 5, kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, si kile kilichojaa mpaka kikafanya mlima.

Na ukirudia, badilisha kitu kimoja tu. Anayepunguza moto, kuongeza unga na kubadilisha chombo siku hiyohiyo, hata keki ikitoka nzuri hatajua kilichoiponya.

Imebonyea katikati

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo linalopewa majibu mabovu kuliko yote. Jiulize kwanza ilibonyea lini. Iliyoshuka baada ya kutolewa kwenye oveni ina kesi yake. Iliyoshuka ikiwa bado ndani, unaitazama kupitia kioo, ina kesi nyingine.

Iliyoshuka baada ya kutoka, mara nyingi haikuiva. Ukiikata utaona doa chini ya lile bonde: lina unyevu, linang'aa kidogo, limeshikamana kama unga uliokandwa, ilhali pembeni pameiva na kuchambuka vizuri. Bonyeza doa hilo kwa kidole, alama inabaki. Kinachoisimamisha keki ni protini ya mayai kuganda na wanga wa unga kunywa maji na kuvimba. Kabla hayo hayajatimia katikati, paa linashikiliwa na mvuke na gesi tu. Joto likipungua gesi hunywea, na paa hushuka nayo likawa bonde.

Dakika zilizoandikwa kwenye mapishi ni makisio ya oveni ya mtu mwingine. Tumia ishara tatu kwa pamoja: kingo zimeachana na chombo kwa milimita moja au mbili, katikati pakiguswa kwa kidole panarudi juu, kijiti kikichomekwa kinatoka na chembe kavu, si ute. Choma mahali pawili, maana kijiti kikipita kwenye ufa au ndani ya kipande cha tunda husema uongo. Mwenye kipimajoto cha chakula ana jibu la uhakika: katikati pasome nyuzi 96 hadi 98. Ukigundua haijaiva ndani ya dakika chache tangu uitoe, irudishe, ifunike foili bila kuibana, uipe dakika 10 hadi 15 zaidi. Bonde halitainuka tena, lakini italika. Ikishapoa, kuirudisha ni kukausha kingo tu.

Iliyoshuka ikiwa ndani, shuku beking pauda kwanza. Kipande chake hakifanani na kile cha kwanza hata kidogo: kimeiva, kikavu, kina matundu makubwa yasiyolingana hasa sehemu ya juu, na ukitafuna unapata kwa mbali ladha ya sabuni au chuma. Gesi ilitoka nyingi na kwa kasi, viputo vikaungana, vikapasuka kabla kuta hazijashika. Kiasi cha kutosha ni kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 125 za unga, na keki ambayo siagi yake imepigwa vizuri huhitaji hata pungufu ya hapo. Tatizo ni kwamba wengi keki ikiwa nzito huongeza beking pauda, na ikibonyea huongeza tena wakidhani haikupata nguvu ya kutosha. Punguza.

Sukari nayo hubomoa. Sukari inapozidi, mayai huchelewa kuganda na wanga huchelewa kuvimba, hivyo keki inaendelea kuwa laini wakati ambapo ingepaswa kuwa imeshikamana. Alama yake ni ganda la juu lenye kung'aa, linalonata au kuvunjika kama karatasi, na chini yake nyama nzito yenye mnato. Katika keki za siagi za nyumbani zinazotumia unga wa kawaida, uzito wa sukari usizidi uzito wa unga. Ukitaka utamu zaidi, paka shira juu baada ya kuoka, usiiongezee ndani.

Na mlango wa oveni? Umebebeshwa lawama nyingi kuliko unazostahili. Kweli, ukiufungua dakika ya 15 joto hushuka ghafla na keki ambayo bado ni uji inaweza kulala. Lakini keki yenye vipimo sahihi, ikishapita theluthi mbili za muda wake, huvumilia kuchunguliwa kwa sekunde chache. Inayoanguka kwa kuchunguliwa tu ilikuwa tayari ina ugonjwa mwingine, mara nyingi huohuo wa beking pauda.

Sababu ndogo ya mwisho: mchanganyiko kukaa mezani. Beking pauda huanza kazi pale inapolowa, kwa hiyo washa oveni mapema, paka chombo mafuta mapema, na mchanganyiko ukiwa tayari uingie kwenye moto ndani ya dakika 10 hivi. Kuanza kutafuta karatasi ya kuokea wakati unga umeshalowa ni kuipoteza gesi uliyoinunua.

Imepasuka na kupanda kama kichuguu

Moto ulikuwa mkali. Pembeni na juu vikaiva na kuwa ganda, katikati ikaendelea kuumuka, ikatafuta njia ya kutokea. Ukikata, matundu karibu na kingo ni madogo na yamebanana, katikati yamevutwa kwenda juu. Kwa keki iliyookwa kwenye chombo kirefu chembamba, ule ufa wa katikati si kosa. Keki nyingi za namna hiyo hupasuka. Usipoteze usingizi.

Oveni za nyumbani hukosea kwa urahisi nyuzi 10 mpaka 25, juu au chini, na taa ikizimika haimaanishi kuta zimepata moto. Ipe dakika 15 hadi 20 baada ya kuwasha. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ni kifaa kidogo kinachomaliza ubishi wa miaka. Asiyekuwa nacho ana njia ya sukari: sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja cha chai cha sukari juu ya foili, oveni ikiwa imeshapata moto wa nyuzi 175, uiache dakika 15. Ikiyeyuka, oveni yako ni kali kuliko inavyodai. Rudia na sukari nyingine kwenye nyuzi 195. Isipoyeyuka kabisa, oveni yako ni baridi kuliko inavyodai.

Oveni yenye feni huhitaji nyuzi 20 pungufu ya ile isiyokuwa nayo. Chombo cheusi hunyonya joto, basi pungua nyuzi 10 hadi 15. Rafu ya katikati ndiyo mahali pa keki, na chombo kisibanane na ukuta wa nyuma.

Kwa anayeoka kwenye sufuria nzito yenye kifuniko, moto wa chini ndio adui. Weka kitu cha kuinua chombo cha keki kisigusane na kitako cha sufuria, kiwe cha chuma kisichoungua, na kama unatumia makaa, sehemu kubwa ya makaa iwe juu ya kifuniko na chini yabaki machache. Keki nyeusi chini na nyeupe juu ni ushahidi kwamba uligawa makaa kinyume.

Sababu nyingine ya kichuguu ni unga kuzidi, na hapa kikombe ndicho mchawi. Kikombe cha mililita 240 kikijazwa kwa kijiko, unga ukianguka wenyewe na kusawazishwa, kina gramu 120 hadi 125. Kikombe hichohicho kikichotwa moja kwa moja kwenye mfuko na kugongwagongwa kinaweza kupita gramu 150. Kwa vikombe viwili umeshaongeza gramu 50 bila kujua. Mizani ya jikoni haina makosa ya namna hii, na ingekuwa ni kununua kifaa kimoja tu, kingekuwa hicho, kabla ya mashine yoyote.

Nzito kama tofali

Hapa kazi iko kwenye siagi, na panastahili kukaa kidogo.

Hewa nyingi ya keki ya siagi huingizwa unapoipiga na sukari. Chembe za sukari hukwaruza siagi na kuacha vijitundu. Beking pauda haitengenezi vijitundu vipya, huvivimbisha vilivyokwisha kuwepo. Kwa hiyo siagi isiyopigwa vizuri haiokolewi na chochote kinachokuja baadaye. Joto lake liwe nyuzi 18 hadi 20: ukibonyeza kwa kidole inaacha shimo safi, lakini kidole hakizami mpaka chini na uso haung'ai kwa mafuta. Ikiwa ngumu, sukari huzunguka tu bila kuingia. Ikiwa imeanza kuyeyuka, hewa inatoroka. Weka bakuli juu ya maji baridi kwa dakika mbili tatu kisha endelea.

Piga dakika 4 hadi 5 kwa mashine, au 8 hadi 10 kwa mwiko. Usiangalie saa tu. Mwanzoni mchanganyiko ni wa njano na mzito, unajikusanya kama mchanga wenye maji. Baada ya dakika mbili unalainika lakini bado una rangi ya siagi. Endelea. Ghafla rangi inafifia kuelekea weupe wa maziwa, ujazo unaongezeka, na mwiko ukiinuliwa unaacha ncha laini. Ukisugua kidogo kati ya vidole, punje za sukari bado zipo ila zimepungua makali. Hapo ndipo pa kusimama. Wengi huishia ile hatua ya pili.

Kisha mayai, moja baada ya jingine, yakiwa na joto la jikoni. Mayai ya baridi hugandisha siagi, mchanganyiko unakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoharibika. Si msiba, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga na ukoroge, au weka bakuli juu ya maji ya vuguvugu kwa dakika moja. Keki itaumuka pungufu kidogo. Ulisahau kuyatoa kwenye friji? Yatie kwenye maji ya vuguvugu yakiwa na maganda yake, dakika 5 hadi 10.

Kama siagi ilikuwa sawa na bado keki ni nzito, jaribu dawa zako za kuumulia. Nusu kijiko cha chai cha beking pauda kwenye maji ya moto, robo kikombe hivi, ifanye povu papo hapo kwa sauti. Povu la uvivu ni la kutupwa. Beking soda haijaribiwi kwa maji bali kwa matone ya siki au limau, kwa sababu yenyewe haina tindikali ndani yake.

Au ulikoroga kupita kiasi baada ya unga kuingia. Unga wa ngano ukilowa na kusuguliwa hujenga gluteni, ule mnato unaoufanya mkate utafunike. Kwenye keki hauhitajiki. Kipande kitakuonyesha mifereji: matundu marefu yaliyosimama wima, hasa kwenye keki ndogo za vikombe, na kileleni zimechongoka. Kwa keki ndogo za mafuta, mimina vitu vya maji kwenye vikavu, geuza mara 10 hadi 15 na uache, hata ukiona mabonge madogo ya unga. Yataiva.

Badala ya siagi ukitumia mafuta ya maji, kumbuka siagi ina mafuta takriban asilimia 80 na maji mengine. Gramu 100 za siagi ni sawa na gramu 80 za mafuta. Na huwezi kupiga mafuta ya maji na sukari ukapata weupe ule, kwa hiyo usitumie mapishi yanayotegemea kupiga. Tafuta yaliyoandikwa kwa mafuta tangu mwanzo. Majarini laini za kupaka mkate zina maji mengi mno kwa kazi hii.

Mstari wa mnato chini

Umeoka keki ya ndizi, juu nzuri, ukikata unakuta sentimita moja ya chini imekaa kama ugoro uliolowa. Pima ndizi. "Ndizi tatu" si kipimo. Ndizi moja ya wastani iliyomenywa ina gramu 100 hadi 120, lakini kubwa hufika mbali zaidi. Kwa unga gramu 250, ndizi zilizopondwa ziwe gramu 300 hadi 350. Ukizidisha, maji yake hushuka na unga hauwezi kuyabeba. Ponda kwa uma, usisage kwenye mashine mpaka ziwe uji. Na keki hii huiva polepole: nyuzi 170 hadi 175, karibu saa nzima kwa chombo kirefu, na ikianza kuwa nyeusi juu ifunike foili.

Mstari huohuo ukitokea kwenye keki isiyo na matunda, ama hukugusa chini ya bakuli ulipokuwa unachanganya, ama moto wa chini ni hafifu.

Matunda yamezama

Kuyapaka unga kunasaidia kidogo tu. Kinachobeba tunda ni uzito wa mchanganyiko, si vumbi la unga lililolizunguka. Kwenye mchanganyiko mwepesi unaotiririka, kata vipande vidogo vya sentimita moja, mimina theluthi ya mchanganyiko peke yake chini, kisha weka uliobaki wenye matunda juu. Zabibu kavu zilizolowekwa zikaushwe kwa kitambaa.

Kavu, inasagika

Imekaa muda mrefu kwenye moto, au unga umezidi, au oveni ni baridi na ukaiacha humo ukisubiri rangi. Iokoe leo hii: chemsha sukari gramu 50 na maji mililita 50 mpaka iyeyuke, kamulia limau, choma keki matundu kwa kijiti na uipake ikiwa bado na joto.

Ladha ya sabuni, rangi ya ajabu

Beking soda ina nguvu ya mara tatu hadi nne ya beking pauda, na inahitaji tindikali ya kuimaliza: mtindi, limau, asali, ndizi, sukari ya kahawia. Robo kijiko cha chai kwa gramu 125 za unga inatosha. Isipopata tindikali hubaki, ndiyo hiyo sabuni unayoisikia, na keki huwa na rangi ya kahawia iliyokolea kuliko kawaida. Soda iliyobaki ndiyo pia hugeuza matunda ya zambarau kuwa ya kijani au bluu ndani ya keki, na siagi ya mbegu za alizeti kuwa ya kijani kesho yake. Inatisha, haina madhara. Soda ikiganda vidonge, ichekeche, la sivyo atakayeuma kidonge atakumbuka.

Asali badala ya sukari hufanya keki iungue nje mapema. Shusha moto nyuzi 15 na upunguze maji kidogo, maana asali yenyewe ina maji karibu asilimia 17 au 18.

Imeng'ang'ania chombo

Paka siagi, nyunyiza unga, geuza chombo ukigongegonge unga wa ziada uanguke, na kitako kiwe na karatasi. Ikitoka, ipe dakika 10 ndani ya chombo. Ukiigeuza papo hapo huvunjika kwa sababu bado ni laini. Baada ya saa moja mvuke umegeuka maji na sukari imeganda kwenye ukuta. Iliyokwama kwa kuchelewa, simamisha chombo kwenye maji ya moto dakika moja, pitisha kisu pembeni, kisha geuza juu ya wavu.

Chombo tofauti na kilichoandikwa

Watu hudhani sentimita 20 na 23 ni karibu sawa. Duara la 20 lina eneo la sentimita za mraba 314, la 23 lina 415, yaani theluthi zaidi. Mchanganyiko uleule unakuwa mwembamba na unaiva mapema sana. Mraba wa 20 una 400, kwa hiyo huo ndio mbadala wa duara la 23. Jaza chombo nusu hadi theluthi mbili, usipite.

Biskuti zimetandaa na kuungana

Kwa biskuti za siagi za kusukuma na kukata, uwiano wa kushika kichwani ni 1, 2, 3 kwa uzito: sukari gramu 100, siagi 200, unga 300. Unene wa milimita 7, nyuzi 165, dakika 18 hadi 22. Zikitandaa, swali la kwanza ni kama siagi ilikuwa imeyeyuka kabla hazijaingia. Siagi inapaswa kukaa imara mpaka unga uanze kushika. Zikate, zipange kwenye trei, zitie friji dakika 30, na trei ya pili isiwe ile iliyotoka kwenye oveni sasa hivi. Iache ipoe kabisa. Trei iliyopakwa mafuta mengi huzitelezesha zaidi. Karatasi ya kuokea inatosha.

Sukari ikizidi hutandaza pia, na beking soda vilevile. Sukari ya unga hutandaa kidogo kuliko ya punje.

Njia ya mjanja: oka biskuti moja peke yake kwanza. Dakika 15 za kungoja ni bora kuliko trei mbili za chapati tamu. Ikitandaa, changanya kijiko kimoja kimoja cha unga kwenye donge lililobaki.

Zikitoka ngumu kama kokoto, uliziacha humo mpaka zikakauka. Biskuti hazipimwi kwa ugumu zikiwa moto, kwa sababu zote huwa laini na hukakamaa zinapopoa. Zitoe pale kingo zinapoanza rangi ya dhahabu na katikati bado ni nyeupe, uziache kwenye trei dakika 5. Ugumu wa aina nyingine, ule wa kuvutika kama ngozi, ni wa donge kukandwa na kusukumwa mara nyingi. Vipande vya mabaki vibandike pamoja, usivikande.

Chini nyeusi, juu nyeupe: trei nyembamba. Weka trei mbili, moja ndani ya nyingine, na upande rafu moja juu.

Pai ya kukunja imelowa chini

Pai hii haina chombo: donge linasukumwa duara, matunda katikati, kingo zinakunjwa juu yake. Ubaya wake wa sura ni sehemu ya uzuri wake, ila kitako kilicholowa hakisameheki.

Kwa donge: unga gramu 250, siagi ya baridi 150, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya baridi mililita 60 hadi 75. Ponda siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka vipande vibaki vya ukubwa wa kunde. Vikipotea kabisa, hutapata tabaka. Maji yaingie kwa vijiko, ukiacha pale donge linaposhikamana likibanwa kwenye ngumi, hata kama bado lina mabaka makavu. Lifunike, friji saa moja, sukuma mpaka milimita 4, duara la sentimita 35 hivi.

Matunda gramu 500, sukari 70, wanga wa mahindi gramu 20, ukiacha ukingo wa sentimita 5. Changanya matunda na sukari wakati wa kujaza tu; yakikaa, sukari huyatoa maji yote. Kama ni matunda yenye maji mengi, fanya kinyume kwa makusudi: yaache na sukari dakika 30, chuja, chemsha ule mchuzi mpaka ubaki robo, uurudishe. Chini ya matunda nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya lozi za kusaga au biskuti zilizopondwa.

Halafu moto. Trei iingie tupu kwenye rafu ya chini, oveni nyuzi 200, ipate moto kabisa, kisha telezesha pai na karatasi yake juu yake. Dakika 40 hadi 50. Inua ukingo kwa kisu uchungulie kitako: kiwe cha kahawia na kikavu. Mchuzi katikati uwe unachemka kwa viputo vizito, vya polepole; wanga usiochemka haushiki, na ndiyo maana pai iliyotolewa kwa kuangalia rangi ya kingo hutoa maji ikikatwa. Isubiri dakika 40 kabla ya kisu.

Siagi ikivuja na kukaanga trei, donge liliingia likiwa na joto. Iliyokwisha kukunjwa itie friji dakika 20 hadi 30. Mchuzi ukivuja, angalia mikunjo: ibane moja juu ya nyingine, na donge likichanika liwekee kiraka kabla ya matunda, si baada.

Mahali pa juu

Mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na nyuzi 95, mvuke hutoka mapema na gesi hutanuka zaidi. Keki inayopendeza pwani hubonyea huko bila kosa la mpishi. Punguza beking pauda kwa robo, sukari gramu 15 kwa kila 200, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula vya maziwa, pandisha moto nyuzi 10.

Zimelegea kesho yake

Biskuti huvuta unyevu, keki huutoa. Ukiziweka kopo moja, asubuhi utakuwa na biskuti zinazopinda na keki iliyokauka. Zitenganishe, zote ziingie kwenye kopo zikiwa zimepoa kabisa hata chini. Biskuti zilizokwisha kulegea, nyuzi 150 kwa dakika 5, kisha ziache wazi mpaka zipoe.